Kisima Kinachouma

Nilijua umeme wa nyumba ya mama yangu umefika mwisho wake kwa harufu ya samaki. Nilikuwa nimetoka Masasi asubuhi, nikafika nyumbani kwetu, mbele kidogo ya Kitangari, jua likiwa la mchana. Nikaingia sebuleni, nikanusa. Nikamwuliza mama samaki amepata wapi. Akasema hana samaki, hata dagaa hana, ni paka wa jirani anayeleta uchafu wake ndani. Lakini harufu ile mimi naijua.

Mimi ni msusi. Nina saluni yangu Masasi, na kilichonifundisha mambo ya umeme si shule, ni draya. Kuna kipindi saluni ilikuwa inanuka vilevile, wateja wananitania kwamba nimeanza kukaanga samaki changu nyuma ya pazia. Kila nikiwasha draya ya pili taa inafifia. Breka inaanguka, naipandisha, inaanguka tena, naitukana, naipandisha. Mpaka siku nilipoweka kiganja kwenye boksi la umeme ukutani nikakuta lina joto la sufuria ya uji, ndipo nikamwita fundi.

Fundi wangu ni mtu wa majivuno na maneno mengi, anaweza kukusimulia habari za waya mmoja mpaka nywele za mteja zikauke zenyewe. Lakini siku ile alifungua boksi nikaona kwa macho yangu nyaya zimegeuka rangi na plastiki imeyeyuka ikaganda. Akaniambia, "Dada, plastiki ikiungua polepole hunuka samaki. Nyumba ikinuka samaki na hujanunua samaki, usimfukuze paka." Akabadilisha waya unaotoka kwenye nguzo, akaweka boksi kubwa lenye breka ya kila upande, akachimbia nondo ya shaba ardhini, ili umeme ukivuja uwe na njia yake ya kwenda chini, usipite kwa mtu. Tangu hapo saluni yangu inanuka nywele tu.

Kwa hiyo mama alipomsingizia paka, niliinuka nikaenda kulitazama boksi lake.

Umeme ulipofika kijijini kwetu, nyumba nyingi hazikuwa zimetandazwa nyaya. Watu wakafungiwa kile kiboksi kidogo kinachoitwa umeta, yaani umeme tayari: kinapachikwa ukutani kina soketi yake na swichi zake, unawasha taa chache, unachaji simu, basi. Sasa mama yangu si mtu wa taa chache. Kaka akamletea televisheni. Mimi nikamletea friji, auze barafu za ubuyu kwa watoto wa shule. Akajenga vyumba vya uani, akampangisha mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, na mwalimu akaja na jiko la koili. Kila kilichokuja kilichomekwa kwenye kiboksi kilekile, ekstenshen juu ya ekstenshen. Binamu yetu, ambaye ufundi wake aliuokota kwa kuangalia wenzake, akapitisha nyaya nyembamba juu ya mbao za paa, chini ya bati, mpaka vyumba vya uani. Breka ya kiboksi ilipoanza kuanguka kila mara, akaing'oa, akaunganisha waya moja kwa moja. "Hii haikatiki tena," alimwambia mama, na kweli haikukatika tena.

Nikaweka kiganja. Friji ilikuwa inanguruma na mwalimu anachemsha maharage yake uani. Nikaondoa kiganja haraka.

"Mama, hiki kitu kinaungua."

"Umeme nkali, mwanangu. Lazima uwe na joto."

Ndivyo tusemavyo kwetu, nkali, nchana, nnazi, na mjini Masasi wananicheka nayo mpaka leo. Lakini siku ile sikucheka. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani nichote maji ya kunawa, nipoe hasira, maana mimi hasira zangu ziko karibu.

Hapa lazima nikieleze kisima, maana bila kisima habari hii haina kichwa wala miguu. Uwanda wetu uko juu, na maji yako chini, mbali, bondeni. Bibi zetu waliteremka na kupanda na mitungi mpaka utosi ukaota sugu. Mwenye uwezo huchimba shimo uani, akalisakafia kwa saruji, akaelekeza humo maji ya mvua yanayotoka kwenye bati la nyumba yake. Hayo ndiyo maji ya mwaka mzima. Korosho zinapoanza kuanguka, mvua bado, na kisima cha mtu unakisikia kwa mlio wa ndoo jinsi kilivyobaki na kidogo. Mwezi wa kumi kwetu, mtu akikuibia kuku utamsamehe. Akikuibia maji, humsamehi.

Paa la mama lina mfereji wa bati pembezoni, na kutoka hapo bomba la chuma linateremka hadi kwenye mfuniko wa kisima, ambao nao ni wa bati. Nilikuwa peku. Nilishika bomba niiname, na mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Ndala! Vaa ndala kwanza!"

Alichelewa. Kitu kiliniuma kiganjani kikapanda mpaka kiwiko, kama nge. Ndoo ikanitoka. Mama akaja anacheka, anajifuta mikono kwa kanga.

"Kinauma," akasema. "Unavaa ndala, unasimama juu ya ule ubao, hushiki chuma. Unachota taratibu, hakikufanyi kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze."

Akanionyesha ndoo ya kijani iliyotundikwa kwenye msumari ukutani. Si yake. Alfajiri moja aliamka kwenda chooni, akasikia mtu anaguna kisimani, kisha mbio, matawi ya mikorosho yanavunjika. Mwizi aliacha ndoo yake. Kufika saa za kazi, mwizi mwenyewe alikuwa ameshawapa watu habari, bila kusema alikwenda pale kufanya nini: kile kisima kimezindikwa, mwanamke yule amekiwekea dawa, ukigusa unashikwa. Toka hapo hakuna aliyethubutu kusogea. Visima vya majirani vilichotwa mpaka tope, cha mama hakikupungua hata kata moja asiyoijua.

Mama alizaliwa Lulindi, akabatizwa huko, akaolewa juu huku. Ni mtu wa kanisa, mwenye kiti chake. Mzee wa kanisa alimwendea akamwuliza kwa upole kama ni kweli amezindika. Akajibu, "Mimi sijazindika kitu, namtumainia Mungu." Jibu hilo likawathibitishia watu wote kwamba amezindika, maana nani mwenye zindiko akakiri. Mama alinisimulia haya huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Na unajua ni umeme," nikamwambia.

"Najua. Mimi si mjinga."

Jambo hilo ndilo lililonitisha. Angekuwa hajui ningemweleza. Alikuwa anajua, na alikuwa amemfuga umeme ule kama mbwa mkali wa kulinda uani.

"Na Mama Somo je?"

Huyu Mama Somo alikuwa jirani yetu, ua kwa ua. Yeye Mwislamu, mama Mkristo, lakini jina lao la nyumbani, lile la Kimakonde, lilikuwa moja. Na kwa desturi watu wa jina moja hawaitani jina, huitana somo. "Somo, umeamkaje?" "Salama, Somo." Wameitana hivyo tangu mama aletwe pale bibi harusi, mpaka kijiji kizima kikaliokota, na wote wawili wakawa Somo. Sisi watoto ndio tuliongeza Mama, kwa heshima. Aliniogesha nilipokuwa mchanga, alinifunda nilipokuwa mwali, na alinipiga makofi nilipostahili. Kisima chake kilikuwa kimepasuka sakafu, hakishiki maji, kwa hiyo alichota kwa mama bila kuomba, asubuhi na jioni.

"Somo nimempa ndala," mama akasema. "Zile za bluu mpya. Nimemwambia, Somo, hizi ndizo dawa yake. Ukiwa nazo, hakikugusi."

"Kwa nini usimwambie ukweli?"

"Akijua yeye watajua wote. Somo hana kifua."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mama Somo siri ilimkaa mdomoni kama maji ya kusukutua.

Nilirudi Masasi nikamchukua fundi wangu, nikafunga saluni, nikaja naye. Njia nzima alikuwa anajigamba jinsi atakavyoibadilisha nyumba ile. Alipofika aliangalia kiboksi, akapanda darini kwa tochi, akashuka na vumbi kichwani. Akaenda kisimani, akatoa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo, akagusa mfereji wa bati. Testa ikawaka mchana kweupe. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akatusukuma na sisi tukae mbali.

Kisha akatueleza polepole. Waya uliopita darini umetafunwa na panya, sehemu yake tupu imelala kwenye bati. Bati linagusa mfereji, mfereji unagusa bomba, bomba linagusa mfuniko. Nondo ya ardhini hakuna, na breka ya kukata hatari imeng'olewa. Kiboksi chenyewe kilitengenezwa kwa taa, sasa kimebebeshwa nyumba. Dawa yake ni moja: waya mpya kutoka kwenye nguzo, boksi jipya la breka, nondo ya shaba, na nyaya zote za darini zitupwe.

"Kwa sasa mchanga ni mkavu," akasema. "Umeme haupati njia nzuri ya kwenda chini, ndiyo maana unauma tu. Mvua ikinyesha, bati limelowa, ardhi imelowa, mtu yuko peku. Hapo hauumi."

"Unafanyaje?" mama akauliza.

Fundi akarudisha testa mfukoni. Akaniangalia mimi.

Tulitaka tuzime pale pale. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaingia ndani, amevuta kigoda akakaa chini ya kiboksi, mchi wa kutwangia umelala mapajani. Uso wake haukuwa wa mzaha.

"Mkinizimia hicho, nani atanilindia maji? Wewe uko Masasi, unafungua bomba. Mimi nikiamka nikakuta kisima kikavu, nateremka bondeni na magoti haya?"

"Mama, kitaua mtu."

"Kitamwua mwizi."

"Kitakuua wewe."

"Mimi najua kukaa nacho. Sikiliza. Mvua zikija, kisima kikijaa, sihitaji mlinzi tena, mlete fundi wako abadilishe nyumba nzima. Kabla ya hapo, ukigusa waya wangu, radhi zangu huzipati."

Sasa wewe uliyezaliwa kwenye nchi ya radhi, niambie ungefanya nini. Mtu anaweza kubishana na mama yake mpaka jua likachwa, lakini neno hilo likishatoka umefungwa mikono. Niliona wazi kwamba amepindua mambo: anataka kazi ifanyike baada ya mvua, na mvua yenyewe ndiyo itakayoua. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Akaukamata mchi vizuri zaidi.

Kabla sijaondoka nilikwenda kwa Mama Somo. Nilimkuta amekaa mkekani anachambua kunde, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mama Somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevimba hivyo, nani kakuudhi?"

Nikamweleza yote. Nikamwambia pale kisimani hakuna dawa, ni umeme umevuja, asiguse kabisa, na mvua ikianza asikaribie hata ua wa nyumba. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akatabasamu, akanishika goti.

"Mama yako ameshaniambia mtasema hivyo."

"Tutasema vipi?"

"Kwamba ni umeme. Ili watu wasimwone mchawi kanisani." Akainama karibu na sikio langu. "Usihofu. Sitasema kwa mtu. Dawa yangu ninayo."

Akanionyesha ndala za bluu. Alikuwa amezitundika kwenye kigingi cha mlango, zimeoshwa, zimewekwa pamoja mgongo kwa mgongo. Yeye mwenyewe alikuwa peku. Nikamwambia, Mama Somo, basi angalau uzivae. Akasema naam, naam, kwa sauti ile ya kumridhisha mtoto, akarudi kwenye kunde zake.

Kurudi Masasi nikawa mtu wa kutazama mbingu. Mteja amekaa kwenye kiti, mimi nina sega mkononi, macho yako mlangoni. Watu wote walikuwa wakiomba mvua, redio inaomba mvua, mashamba yameshaandaliwa, na mimi peke yangu naomba iwe mbali. Joto lilikuwa limekaza. Mawingu yalikuja yakasimama juu ya milima ya mawe, yakaondoka, yakarudi mazito zaidi. Kila nikimpigia mama ananiambia kwa furaha kwamba kwao kumetanda. Nilikuwa namwambia, mama, zima angalau mvua ikianza. Anasema nitazima, nitazima. Ukimwuliza atazimaje, wakati breka imeng'olewa na swichi iliyobaki ni ya mita ya luku, huko nje mvuani, anasema unamaliza salio lako bure, akakata simu.

Mvua ya kwanza ilipiga asubuhi nikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Ilianza juu ya bati kama mtu anamwaga mchele, kisha ikawa kelele tupu. Watu walitoka nje barabarani wakicheka, wanalowa kwa makusudi. Nilimpigia mama, hakupokea. Nilipiga tena na tena. Nikaendelea kusuka kwa sababu mikono haikujua kufanya kingine, na yule mteja akalalamika kwamba nambana.

Simu ilipoita, alikuwa mwenye duka wa njia panda, pale kwetu.

"Njoo nyumbani, dada," akasema. "Somo amekutwa kisimani."

"Somo yupi?"

Mvua ilikuwa inapiga upande wake na upande wangu. Nilimsikia akisema neno, kisha simu ikakatika. Nilipopiga haikushika, na ya mama ikawa haipatikani kabisa. Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, nikapata lifti ya gari dogo la mzigo lililokuwa linapanda Newala na magunia matupu ya korosho.

Nitasema nilichokiomba njiani, maana sina wa kumficha. Niliomba awe Mama Somo. Mwanamke aliyenifunda, aliyenifunga kanga yangu ya kwanza ya mtu mzima, nilimtoa kwa Mungu njia nzima ya mlima ili nibakiwe na mama yangu. Dereva aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Nilipofika mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mikeka ilitandikwa kwa Mama Somo. Moto wa msiba ulikuwa unafuka kwa Mama Somo. Nilifurahi, jamani. Nilisimama njiani na tope miguuni nikafurahi, kisha nikafunika uso kwa kanga.

Mama nilimkuta uani kwetu peke yake, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, amelowa chepechepe, hataki kuingia ndani. Aliniambia kwa maneno machache. Mvua ilipoanza, kila mtu alikimbiza ndoo kwenye mchirizi wake. Yeye alikuwa chumbani anatafuta ndala zake. Akasikia Somo anaita kutoka uani, "Somo, neema hiyo!" kisha akasikia ndoo inaanguka. Mwalimu mpangaji ndiye aliyetoka mbio, akampigia kelele mama asiguse kitu, akakata umeme kwenye luku nje kabla ya kumsogelea. Ilikuwa imeshapita.

Mwalimu aliwaambia watu wote ni umeme. Wakamsikiliza kwa adabu. Mgeni huyo, atajua nini cha hapa. Kijiji kilikuwa na maelezo yake tayari, na nilipokwenda kukaa mkekani na wanawake niliyasikia yakipita chinichini kutoka mdomo hadi sikio. Zindiko halimgusi mwenye ruhusa. Likimgusa mtu, basi. Kumbe visima vyote vile vilivyokuwa vinakauka alfajiri, kumbe. Mama mmoja alisema, "Na alivyokuwa mtu wa swala." Mtoto mkubwa wa Mama Somo alikaa mlangoni, mwanaume mzima mwenye watoto wake, hainui uso, na waliokuja kumpa mkono walimpa haraka haraka.

Mmoja wa wanawake waliomwosha maiti akatoka akaniita pembeni. Alikuwa ameshika zile ndala za bluu.

"Hizi tumezikuta kiunoni," akasema. "Kazifunga ndani ya kanga, fundo zuri kabisa. Tazama, hazina hata tope. Ndala za kuvaa, kwa nini azifunge kiunoni?"

Nilijua hapo hapo. Dawa haikanyagwi. Dawa huvaliwa kiunoni, au hufungwa kwenye pindo la nguo, na ukiwa nayo, unayo. Mama alimwambia ukiwa nazo hakikugusi, na yeye alikuwa nazo. Nani afunge safari ya kwenda kwenye zindiko huku anaipaka dawa yake matope? Alizifunga vizuri zisilowe, akaenda peku.

Nilizipeleka kwa mama. Nikamwambia zilikokutwa. Alizigeuza, akatazama soli, akaelewa kabla sijamaliza. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ndogo sana.

Kabla ya jeneza kuinuliwa, msemaji wa familia alisimama mbele ya nyumba, kama ilivyo ada kwao, akamtaja marehemu kwa jina lile la nyumbani ambalo kila mtu alimjua nalo. Akasema, mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze kwa wafiwa, na asiyetaka kudai basi asamehe. Akauliza, "Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe," watu wakajibu. Walijibu kwa huruma, wote kwa pamoja, na niliisikia ndani ya ile huruma namna wanavyomsamehe mwizi. Mtoto wake mkubwa akafumba macho.

Mama aliinuka kutoka kwenye mikeka ya wanawake. Nguo zilikuwa bado zimemgandia mwilini. Wazee wa kiume waligeuka, mmoja akanyanyua mkono amzuie, kisha akaushusha. Mama alikwenda mpaka karibu na jeneza na zile ndala mkononi.

"Jina mlilolisamehe ni langu pia," akasema. "Basi sikilizeni ni yupi wa kusamehewa. Hizi ndala nilimpa mimi. Nilimwambia ni dawa. Hakuna dawa. Ni umeme, nilijua ni umeme tangu kiangazi, mwanangu aliniletea fundi nikamfukuza, kwa sababu mlikuwa mnakiogopa kisima na mimi nilipenda mwogope. Somo hakuiba. Maji yalikuwa yake na yangu." Akaziinua ndala watu wazione. "Nilimwambia, ukiwa nazo. Sikumwambia, ukizivaa."

Manyunyu yalikuwa yanaendelea kudondoka kwenye bati. Msemaji aliangalia chini. Nilisubiri mtu aseme lile neno walilolisema wote muda mfupi uliopita, na hakuna aliyelisema. Mtoto mkubwa wa Mama Somo alisogea, akazipokea ndala kwa mikono miwili, akazitia ndani ya shati lake. Kisha aliinamisha bega chini ya jeneza, na watu wakaanza kusonga, na sasa walikuwa wanagombea kulibeba.

Fundi alikuja wiki ile ile. Nyumba ya mama ina waya mpya kutoka kwenye nguzo, ina boksi jeupe lenye breka zilizojipanga, ina nondo ya shaba iliyozama ardhini karibu na msingi. Alitoa darini furushi la nyaya zilizotafunwa, akaliweka uani, na mama akatwaa mchi ule ule akaziponda mpaka mikono ikachoka. Mkiniuliza mimi, ukiona taa inafifia, ukigusa ukuta una joto, ukinusa samaki, ukiumwa na bomba, usingoje msimu wowote. Lakini watu wanaoniuliza ni wachache. Wengi wanataka kujua tu kama ni kweli alikutwa peku.

Kisima hakiumi tena. Kiangazi kilichofuata wezi walirudi, kwanza mmoja kwa woga, kisha bila woga. Nikilala kwa mama nakuta asubuhi nyayo kuzunguka mfuniko, nyayo za watu wazima na za watoto, na maji yameshuka. Mama anaziona kabla yangu. Anachukua ufagio, anazifagia, anachota yaliyobaki.

Juzi nilimwambia nitamletea kufuli.

"La nini?" akasema. "Waache wachote. Kisima cha Somo hicho."